Ng'ombe wa maskini atazaa, mradi umpandie chakula

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walisema kwamba ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Methali hii hutumiwa kumliwaza mtu ambaye kila jambo lake humwendea kombo. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza kama ina ukweli wowote huko zizini?

Muulize daktari wa mifugo naye atakwambia kwamba nusu ya kwanza ni kweli tupu, ila mkosi hauhusiki. Ng'ombe aliyekonda kwa njaa hukaa miezi mingi bila kutafuta dume. Mwili wake ukiona hauna akiba ya kumlea ndama, unafunga mlango huo kwanza ili mwenyewe apate kuishi. Mwenye ng'ombe naye hungoja, mwaka unapita, maziwa hayapo, ndama hayupo, na lawama zote hutupiwa bahati. Kumbe chanzo ni hori tupu.

Huenda unasoma ukurasa huu ukiwa Umoja, Kayole au Mlolongo na hufugi hata kuku. Hata hivyo jambo hili linakuhusu. Kama una asili ya Ukambani, unaujua ujumbe unaokuja kutoka nyumbani mwezi wa Agosti au Septemba: nyasi zimekwisha, ng'ombe hawainuki, tuma pesa. Kama wewe ni mwanafunzi, huenda karo yako ni fahali ambaye baba alikusudia kumwuza Januari. Akifa kwa njaa mwezi wa Oktoba, karo hiyo imekwenda naye.

Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa majina. Moja ya miaka ya 1980 waliiita Nikwa Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi lakini chakula cha kununua hakikupatikana. Kwa mifugo, njaa ya aina hiyo hurudi mara kwa mara. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliposhindwa mfululizo, Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili, wengi wao kaskazini mwa nchi. Nyakati kama hizo pesa unazotuma zinaweza kufika upesi, lakini robota la nyasi la kununua likakosekana, au likauzwa kwa bei ya kukata maini.

Somo la makala haya basi ni moja. Chakula cha ng'ombe wa Septemba hakitafutwi Septemba. Hupandwa na kuvunwa wakati wa mvua kama mahindi, na ndani yake lazima iwemo mimea ya jamii ya kunde.

Barabara ya Muindi Mbingu

Ukitembea katikati ya Nairobi ukapita mbele ya City Market, mahali penye maduka ya nyama na maua, barabara hiyo inaitwa Muindi Mbingu. Wengi hupita hapo kila siku bila kujua kwamba jina hilo lina uhusiano na ng'ombe na nyasi za Machakos.

Katika miaka ya 1930 wakuu wa serikali ya kikoloni walitazama vilima vya Machakos wakaona makorongo mekundu na ardhi iliyobaki uchi. Walikata shauri kwamba ng'ombe wamezidi, na mwaka wa 1938 wakaanza kuwanyang'anya Wakamba mifugo na kuiuza kwa nguvu kwa bei ya chini. Wenyeji nao walikuwa na hoja yao. Sehemu za malisho yao, kama vile Milima ya Mua, zilikuwa zimetwaliwa na walowezi, na mifugo iliyobaki ikasongamana katika ardhi ndogo.

Mwaka huo huo maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kumwona gavana na wakapiga kambi Kariokor. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ilisalimu amri na kuacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu.

Ushindi ulipatikana, ila nyasi hazikuongezeka. Swali lilibaki pale pale: ng'ombe hawa watakula nini katika nchi yenye mvua haba, ambayo watu wake wanaongezeka kila mwaka?

Jibu la mtaro

Sehemu kubwa ya jibu ilitoka katika jembe. Kuna aina ya tuta ambayo leo inajulikana na wataalamu wa udongo duniani kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu. Mkulima huchimba mtaro unaofuata usawa wa kilima, kiasi cha futi mbili kwenda chini, na udongo anaoutoa huutupa upande wa juu. Tuta hilo huzuia maji na udongo unaoteremka. Msimu baada ya msimu udongo hujaa nyuma yake, na shamba lililokuwa mteremko hugeuka ngazi.

Matuta hayakupendwa mwanzoni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu walilazimishwa kuyachimba, na Uhuru ulipofika mwaka wa 1963 wengi waliyaacha yabomoke. Baadaye wakaona wenyewe kwamba jirani aliyetunza matuta yake alivuna na wao hawakuvuna. Wakarudi kwenye jembe kwa hiari, mara nyingi kwa njia ya mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi ambavyo sehemu kubwa ya nguvu yake ni akina mama.

Mwaka wa 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos kilichowashangaza wengi. Tangu miaka ya 1930 hadi karibu 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, kutoka kiasi cha 240,000 hadi kama milioni 1.4, lakini badala ya ardhi kuharibika zaidi, mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Sasa njoo kwenye suala letu. Tuta likiachwa tupu hubomoka mvua ya kwanza kubwa inaponyesha, kwa hiyo sharti lipandwe nyasi za kulishika. Hapo ndipo wakulima walipopata shamba la pili bila kununua ardhi. Chukua ekari moja ya mraba: kila upande ni kama mita 64. Ikikatwa na matuta manne, una zaidi ya mita 250 za ukingo ambao hauoti mahindi hata hivyo. Ukipanda nepia au nyasi za makarikari hapo, tuta linasimama na ng'ombe anakula.

Kwa nini nyasi peke yake hazitoshi

Wanafunzi wa sayansi watalipenda jambo hili. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, na chumba cha kwanza kwa ng'ombe mkubwa kinaweza kuchukua zaidi ya lita 100. Ndani yake wanaishi bakteria na vijidudu wengine wasiohesabika, na hao ndio wanaovunja nyasi ngumu. Kwa hakika unapomlisha ng'ombe unawalisha hao kwanza.

Vijidudu hao wanahitaji naitrojeni, ambayo hupatikana katika protini. Chakula kikiwa na protini chini ya sehemu 7 hivi kati ya 100, wanadhoofika, kazi inazorota na nyasi zinakaa tumboni muda mrefu bila kusagika. Ng'ombe hujiona ameshiba ilhali ana njaa. Mabua makavu ya mahindi, ambayo ndiyo chakula kikuu cha kiangazi Machakos, yana sehemu 3 hadi 5 tu. Ndiyo maana unaweza kumwona ng'ombe amesimama mbele ya rundo la mabua huku mbavu zikihesabika.

Majani ya mimea ya jamii ya kunde yana protini nyingi, mara nyingi sehemu 15 hadi 25 kati ya 100. Ukichanganya kiasi kidogo cha majani hayo na mabua, vijidudu huamka na mabua yale yale yanaanza kuwa chakula.

Mimea hii huipata wapi naitrojeni yote hiyo? Hewani. Kwenye mizizi yake kuna vinundu vyenye bakteria wanaoikamata naitrojeni ya hewa na kuipa mmea. Siku moja ukiwa shambani ng'oa mche wa kunde taratibu, chukua kinundu kimoja ukikate kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au cha kijani, bado au imekwisha. Mkulima anayepanda kunde basi analisha watatu kwa mpigo: watu, ng'ombe na sehemu ya shamba lenyewe.

Upande nini na wapi

Machakos si moja. Vilima vya Iveti na Mua vina ubaridi na mvua ya kuridhisha, ilhali ukiteremka kuelekea Masii au Yatta jua ni kali na mvua ni ya kubahatisha. Mmea unaofaa juu unaweza kukauka chini.

Kwa chakula cha watu na mifugo pamoja, anza na mimea ambayo tayari unaijua. Kituo cha utafiti cha Katumani, kilicho karibu na mji wa Machakos na ambacho kiliipa Kenya mahindi yanayokomaa upesi, kilitoa pia kunde za aina ya M66 na K80. Zote mbili zilichaguliwa kwa mbegu na kwa majani: unachuma mboga, unavuna kunde, na mabaki yanakwenda zizini.

Mbaazi ni hazina nyingine. Aina za muda mrefu hupandwa pamoja na mahindi mvua ya vuli inapoanza mwezi wa Oktoba. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki shambani na mizizi yake mirefu, ikiwa bado kijani wakati nyasi zote zimegeuka rangi ya vumbi. Mbegu huvunwa kiasi cha Agosti, majani na maganda yanaliwa na mbuzi kwa pupa, na miti yake inapikia chai.

Halafu kuna njahi. Katika familia nyingi za Kenya mama aliyejifungua hupikiwa njahi ili apate maziwa. Ng'ombe naye hana tofauti kubwa. Njahi hutambaa, hufunika udongo, hustahimili jua kuliko maharagwe, na majani yake ni chakula kizuri kwa ng'ombe anayekamuliwa.

Kwa wenye ng'ombe wa gredi huko vilimani, kuna miti ya malisho. Watafiti waliofanya kazi na wakulima wa Embu katika miaka ya 1990 waligundua kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani, na kwamba miti 500 hivi inatosha ng'ombe mmoja kwa mwaka. Idadi hiyo isikutishe. Kaliandra ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 30 kama ua, miti 500 ni mstari wa mita 150, nao unaingia kwenye mpaka na kingo za matuta. Lakini kaliandra hupenda mvua. Sehemu kavu zaidi lusina huvumilia vyema, na maganda ya migunga yaliyookotwa na kuhifadhiwa ni chakula cha mbuzi ambacho hakikupandwa na mtu.

Kuhusu nyasi, nepia ndiyo maarufu, na kosa linaloonekana kila mahali ni kuiacha irefuke kuliko mwenye shamba. Ikatwe ikiwa na urefu wa kama mita moja. Ikizidi hapo inakuwa kuni. Chini kwenye ukavu, zipo nyasi za asili ambazo wazee wanazijua kwa majina ya Kikamba, mbeetwa, nguu na ndata kivumbu, na ambazo zimekuwa zikipandwa upya katika ardhi iliyochakaa ya Ukambani.

Kuna pia brakiaria, nyasi yenye kisa cha kuchekesha. Asili yake ni Afrika hii hii. Ilipelekwa Amerika Kusini, na nchini Brazil ikafunika mamilioni ya hekta na kulisha ng'ombe wa nyama inayouzwa duniani kote. Ni katika miaka ya 2010 ambapo watafiti wa Kenya waliirudisha mashambani kama mgeni aliyetoka ng'ambo.

Hesabu ya kiangazi

Chukua kalamu. Ng'ombe wa kilo 400 hula chakula kikavu kiasi cha sehemu 3 kati ya 100 za uzito wake, yaani kilo 12 kwa siku. Kiangazi cha siku 120 kinadai kilo 1,440. Kwa marobota ya kilo 20, hayo ni 72. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 200 anataka nusu ya hayo. Huu ndio mlima ambao watu wengi huanza kuupanda siku nyasi zinapokwisha.

Mabua ya mahindi yanaweza kuwa nusu ya mzigo, nyasi kavu sehemu nyingine, na majani ya kunde, njahi na mbaazi yakawa kikolezo. Cha muhimu ni wakati. Nyasi zikatwe zinapoanza kutoa maua, kabla mbegu hazijakomaa, kwani baada ya hapo nguvu yake huhamia kwenye mbegu. Zianikwe siku mbili au tatu zikigeuzwa. Majani ya kunde yakusanywe asubuhi yakiwa na unyevu kidogo, maana ukiyagusa saa nane ya mchana hupukutika na unabeba vijiti vitupu nyumbani.

Mashine ya kufunga si lazima. Fundi wa kijijini anaweza kukutengenezea kisanduku cha mbao kisicho na kitako wala kifuniko, cha urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Tandika kamba mbili, jaza nyasi, zikanyage kwa miguu, funga, vuta juu. Robota la karibu kilo 20 limetoka. Watoto wakiwa likizoni huifanya kazi hii kama mchezo. Yawekwe juu ya vipande vya mbao, chini ya paa, mbali na mvua na mchwa.

Tahadhari

Kila kizuri kina kasoro yake, na katika malisho kasoro nyingine huua.

Lusina ina kemikali ambayo, ng'ombe akiila kwa wingi mno, humfanya apukutike manyoya na kudhoofika. Isizidi theluthi ya chakula chake, na punda na nguruwe wasipewe. Mtama mchanga, hasa unaochipuka upya baada ya ukame, una sumu inayoweza kumwua ng'ombe kwa muda mfupi. Majani mabichi ya jamii ya kunde yenye umande yanaweza kumvimbisha tumbo, kwa hiyo yaanikwe yanyauke kwanza.

Jambo linalowahusu zaidi watu wa mjini ni ukungu. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125 kati ya 317 waliougua Ukambani na sehemu za jirani. Tangu hapo watu wengi wanajua kutokula mahindi yaliyovunda, lakini bado wapo wanaoyapeleka zizini wakidhani ng'ombe hadhuriki. Sumu hiyo, ikiwa imebadilika kidogo, hutoka katika maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Chakula kilichoota ukungu basi kisipewe ng'ombe, kwa maana kitarudi mezani kwenye kikombe cha mtoto.

Fauka ya hayo, kila jani unalolitoa shambani ni mbolea uliyoibeba. Ukipeleka mabua yote zizini na samadi ikabaki imerundikana bomani, baada ya miaka michache shamba litakulipa kwa mavuno ya aibu. Samadi irudi shambani kabla ya mvua.

Tusisahau pia kichwa kinachobeba nyasi. Kumfunga ng'ombe zizini humpa mtoto nafasi ya kwenda shule badala ya kuchunga, lakini mzigo wa majani na maji mara nyingi huishia kwa mama. Panda malisho karibu na zizi. Kabla ya kusema mpango umefaulu, uliza kwanza ni nani amechoka.

Krismasi hii

Huku Ukambani mvua ya vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo ya kutegemewa kuliko ya Machi hadi Mei. Maana yake ni kwamba mwezi ambao watu wa mjini hufunga safari ya nyumbani, Desemba, ndio mwezi ambao nyasi zimejaa kila ukingo na hakuna anayezijali. Tunachinja mbuzi, tunapiga soga, tunarudi Nairobi, na Februari zile nyasi zimekuwa makapi.

Mwaka huu ukirudi, pamoja na sukari na unga wa chapati, beba kamba. Tenga siku mbili za kukata na kuanika, na moja ya kufunga. Omba vipande vya makarikari au nepia nzuri kwa jirani, upande kwenye tuta moja tu kwa kuanzia. Mwachie mzee pesa za mbegu za njahi kabla ya Oktoba ijayo, wala si za nyasi baada ya Agosti. Kiasi ni kidogo kuliko kile ambacho ungetuma kiangazi, na safari hii zitanunua kitu.

Marobota thelathini chini ya paa hayataondoa ukame. Lakini ng'ombe atafika Novemba akiwa amesimama kwa miguu yake, atatafuta dume, na mwaka utakaofuata atazaa. Akizaa dume, hilo ni la Mungu.